Kaka zangu hawajui hali ya nyumba

*Shangazi, marehemu baba katuachia nyumba ya ghorofa mbili Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kaka zangu wako Maskati, wananitumia pesa za matengenezo, nami nawaambia ni plasta tu imebanduka. Kumbe dari ya chumba cha mama imeinama na ukuta wa bafu la juu una ufa. Fundi anataka apige saruji na rangi kabla ya Ramadhani. Nachelea wakijua yote watasema iuzwe. – Msiri*

Mwanangu, leo hii mtoe mama chumba kile, na cha chini yake kisilaliwe.

Saruji usikubali. Ukuta wako ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya maji na kuyatoa. Ukiuziba kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani, jiwe likawa unga nyuma ya rangi mpya, kisha gamba zima huanguka. Kaka zako watakuwa wamelipia uharibifu mwengine.

Sasa hivi kazi ni kuijua nyumba imeharibika wapi na wapi, kabla hujanunua hata mfuko mmoja. Anza juu, siku ya mvua: mabati, misumari, mfereji. Halafu bafu la juu, ambalo ndilo mchawi wa nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Boriti huoza kwanza kwenye ncha iliyoingia ukutani, kwa hivyo katikati huweza kuonekana nzima mpaka siku inapoteremka. Fundi abandue plasta kiasi cha shubiri chini ya kila ncha, achome kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, boriti hiyo imekwisha. Katikati agonge kwa nyundo. Ikilia tupu, shuku mchwa. Kila boriti ipewe namba kwa chaki na ipigwe picha.

Lakini kabla ya kubandua chochote, dari itegemezwe, na nguzo zifuatane hadi ardhini. Zikiishia kwenye sakafu ya ghorofa ya kwanza, mzigo umeuhamishia boriti nyingine zilizochoka. Beit al Ajaib, lile jumba kongwe la Forodhani, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 huku ukarabati ukiendelea, wakafa watu wawili. Fundi wa "tutaona tukishaanza" mwache aende zake.

Kwenye ufa, tia alama ya penseli ncha zote mbili, andika tarehe, na ubandike jipsamu kidogo katikati. Ikipasuka, ukuta bado unatembea; hapo anatakiwa mhandisi. Mamlaka ya Mji Mkongwe utaihitaji kwa kibali, basi waite mapema waje waone. Ramadhani iache ipite.

Kaka zako ni warithi wenzio, lazima wajue. Usiwapigie simu ukilia. Watumie orodha: boriti ngapi nzima, ngapi zimeoza, ufa una urefu gani, gharama chumba kwa chumba, na pesa walizokwisha kutuma zilikwenda wapi (hapo ndipo patakapouma, andika tu). Huenda mmoja akataka kuuza. Wewe pendekeza paa na bafu mwaka huu, nguzo zibaki, boriti mwakani. Plasta ije mwisho: chokaa iliyoroweshwa sehemu moja, mchanga sehemu tatu, tena usiwe wa pwani.