Kabla hujawagawia wanafunzi fagio

Mwalimu mwenzangu uliyekabidhiwa mradi wa huduma kwa jamii mwaka huu, pole na hongera. Pole kwa sababu kazi hii inakuja juu ya vipindi ulivyo navyo, na hakuna atakayekupunguzia hata kimoja. Hongera nitaieleza huko mbele.

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza nilipopewa mradi, nilichukua darasa zima tukaenda kuzibua mtaro unaopita kando ya makazi jirani na shule. Jumamosi nzima tulikuwa kwenye tope. Ilitoka mifuko ya plastiki, zikatoka chupa, kikatoka kiatu kimoja cha mtoto. Tukainua makoleo, tukapiga picha, tukarudi tukiimba. Wiki tatu baadaye nikapita pale: mtaro umejaa kama vile hatukuwahi kufika. Bibi mmoja aliyeketi mlangoni kwake akaitikia shikamoo yangu, kisha akasema, "Wale wajukuu zangu walifanya kazi, Mungu awabariki. Ila mwalimu, mbona hamkutuuliza kwa nini unaziba?"

Sikuwa na la kumjibu.

Robert Sigmon, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa walioanza kulitumia jina la mafunzo haya, "service-learning" (kujifunza kwa kuihudumia jamii), miaka ya 1960, aliandika mwaka 1979 kwamba wanaohudumiwa ndio wenye usemi juu ya huduma wanayopewa. Nilikuja kuyasoma hayo baadaye, nikacheka peke yangu. Yule bibi alikuwa ameshanipa somo hilo bure, mlangoni kwake.

Mwaka uliofuata hakuna aliyeshika koleo mwezi wa kwanza. Wanafunzi walikwenda watatu watatu, daftari mkononi, na kabla ya kutoka tulifanya mazoezi darasani: namna ya kubisha hodi, namna ya kujieleza, namna ya kunyamaza mtu anapofikiri. Hilo la kunyamaza ndilo gumu kuliko yote. Siku ya kwanza walirudi na jibu moja: "Watu hawajali usafi." Nikawauliza ni nani kawaambia hivyo. Hakuna. Yalikuwa maoni yao waliyotoka nayo shuleni, wakayatembeza, wakarudi nayo. Nikawarudisha.

Aliyeona jambo alikuwa binti mkimya ambaye kwenye vipindi vyangu hajawahi kunyoosha mkono. Aliona kwamba wanaotumwa kutupa taka ni watoto, na ukingo wa pipa unawapita kichwani. Mtoto anarusha mfuko, mfuko unagonga ukingo, unapasuka, zinazomwagika zinaishia mtaroni. Ndiyo hiyo tu. Mimi mtu mzima nilipita pale mara ngapi? Sikuona, kwa sababu pipa lilinifika kifuani.

Hapo mradi ukageuka somo. Walipima kimo cha pipa na vimo vya watoto, kwa ruhusa ya wazazi wao, wakampelekea mwalimu wa hisabati namba zenyewe, zenye makosa na zilizorudiwa. Wakabishana kama watumie wastani au mediani, yaani kimo cha katikati vimo vikipangwa kwa mfuatano, maana kijana mmoja mrefu alikuwa anavuruga hesabu. Kwenye kipindi cha lugha wakaandika barua rasmi kwa wanaohusika na mapipa, na nakuhakikishia sijawahi kuona wanafunzi wakisahihisha barua mara nne bila kulazimishwa. Barua haikujibiwa. Wakazi wenyewe wakapanga matofali yakawa ngazi ya vidato viwili. Sitakudanganya kwamba mtaro uliacha kuziba. Mvua kubwa bado huleta taka za huko juu. Ila mifuko iliyopasuka pale chini ya pipa ilipungua, na wanafunzi walijua ni kwa nini.

Ndiyo hongera niliyokuahidi: utamwona mwanafunzi akiitumia hesabu kwa sababu anaihitaji.

Sasa la tafakuri, ambalo wengi tunaliruka kwa sababu basi linasubiri. David Kolb alipoeleza mwaka 1984 mzunguko wa kujifunza kwa uzoefu, kufanya kulikuwa hatua moja tu kati ya nne. Zilizobaki ni kutazama nyuma, kupata maana, na kujaribu tena. Tenga nusu saa siku hiyohiyo, kabla tope halijakauka. Na usiulize "mmejifunza nini?" Utajibiwa "tumejifunza umuhimu wa usafi", jibu ambalo wangekupa hata kama wasingetoka darasani. Uliza: ni kitu gani umekiona ambacho hukukitarajia? Nani hakusikilizwa leo? Ungeifanyaje tofauti kesho? Waandike kwanza, ndipo waseme, la sivyo wasemaji wawili watawamaliza wote.

Kuhusu saa za huduma: kuna mahali ni sharti la kuhitimu. Jimbo la Maryland huko Marekani linataka saa 75 au mpango mbadala wa wilaya. Ontario nchini Kanada inataka saa 40. Si vibaya, ila mwanafunzi akishajua kinachohesabiwa ni saa, atakuletea saa. Nimewahi kuletewa kadi iliyosainiwa na mjomba. Mimi hukagua daftari.

Mengine unayajua: ruhusa ya wazazi, glavu, viatu vilivyofunika vidole, kisanduku cha huduma ya kwanza, na sura ya mtu isipigwe picha bila idhini yake.

Na mkimaliza, rudisheni majibu kwa wenyewe. Tulipokwenda, binti yule mkimya ndiye aliyesoma namba, karatasi ikimtetemeka mkononi. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Vizuri mjukuu wangu. Lakini hamkuwapima watoto wa ng'ambo ya mtaro, na wale nao hutupa hapa." Binti akatoa kalamu, akaandika.