Jibu: Kwa nini kadi zangu za zamani hazina bei?

Ndugu, unashangaa masanduku yako ya kadi za besiboli (zile kadi ndogo zenye picha za wachezaji, ambazo watu hukusanya) za 1988 hadi 1992 kukosa mnunuzi ilhali hayajafunguliwa. Tatizo ndilo hilo: karibu kila mtu alizitunza! Kadi ya mchezaji Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022 kwa sababu zilizosalia safi ni chache mno. Watoto walizichezea zikachakaa, nyingi zikatupwa. Zako zilichapishwa kwa wingi wa kutisha, zikaenda moja kwa moja kwenye plastiki.

Naona kosa lile lile likirudi, na linaniuma. Siku hizi kadi moja ya mchezaji hutolewa kwa rangi tele, na Machi 2021 PSA, kampuni inayopima ubora wa kadi na kuzipa alama, walisimamisha huduma zao nyingi kwa kuelemewa na kadi walizotumiwa.

Kwa hiyo usikimbilie kulipia upimaji. Itafute kwanza humo kadi ya kampuni ya Upper Deck ya 1989, namba 1, ya mchezaji Ken Griffey Jr. Iinamishe kwenye mwanga: pembe ikionyesha weupe hata kidogo, baki nayo tu, usilipie kuipima.