Kwa Nini Nawafundisha Wengine Kushona Viraka

Mwanangu Neema,

Uliniuliza kwa simu kwa nini nawafundisha kina mama wa hapa Buruburu kushona kwilti bila kuwatoza hata shilingi, na hali mimi mwenyewe huziuza. Unahofia kesho watanichukulia wateja. Jibu la simu lilikuwa fupi mno, ndiyo maana nakuandikia.

Kwilti ni blanketi la tabaka tatu: uso wa viraka, pamba katikati, na kitambaa cha mgongo. Mishono hupita zote tatu ili pamba isihame. Uso naweza kuushona peke yangu usiku, mimi na cherehani. Kupiga bandi, yaani kuzishikiza tabaka kwa mishono mirefu ya muda, ndiko kunakotaka watu. Kwilti ya kitanda kikubwa hutandazwa kwenye meza zilizounganishwa, wawili wanavuta mgongo, mwingine anatandaza pamba, na bandi inaanzia katikati kwenda kingoni ili mikunjo isukumwe nje. Jumamosi tunapokutana kwa kazi hiyo, ukumbi wa kanisa hujaa mazungumzo, na mwanangu, sijui raha nyingine inayoipita hiyo. Mtu anaeleza ya mumewe, mwingine ya karo, na mikono haisimami.

Halafu hao unaowaita washindani wamenifundisha mengi. Mimi nilizoea kupanga vitenge vya rangi zinazoelewana. Akaja mama mmoja aliyekulia Lamu, na leso yake. Akakata pindo likawa mpaka wa kwilti, lakini jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, akakataa kulikata. Akaliacha zima, akalipachika katikati likasomeka. Nisingelifikiria hilo hata kidogo. Na wale wanaookota mabaki kwa mafundi wa Gikomba ndio walionionyesha kuchoma uzi kwanza ili kujua kitambaa ni cha nini: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Siku hizi sinunui kitenge Eastleigh kabla ya kukichoma uzi.

Kuna wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, huko Marekani, ambao nawasimulia kila mwanafunzi mpya. Walishona kwilti kwa nguo kuukuu za shambani, kwa sababu ya baridi na umaskini, na mama akamrithisha binti. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika wa kuuza kazi zao, Freedom Quilting Bee. Mwaka 2002 kwilti za Gee's Bend zilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York, watu wakazitazama kama michoro ya wasanii wakubwa. Yule ambaye angejificha na ujuzi wake asingefika huko peke yake.

Kuhusu wateja, ni kweli, mmoja wao anaweza kumpata mtu ambaye angekuja kwangu. Apate. Ana watoto kama nilivyokuwa nanyi. Na oda kubwa zikija, za nyumba za wageni kwa mfano, siziwezi peke yangu. Tunagawana kazi, tunagawana pesa.

Sasa lile ombi lako la kwilti ya mashati ya marehemu baba yako. Ndiyo, nitakushonea, ila nataka tushone pamoja. Yafue yote kwa maji ya moto kabla ya kuyaleta, kama ni ya kupungua na kujikaza, yapungue sasa, si baada ya kushonwa. Usiyakate. Kiraka cha inchi 6 hukatwa inchi 6 na nusu, kwa maana mshono hula robo inchi kila upande, na ukikata mshazari kitambaa kitavutika kikupinde mstari. Lile la kijani la mistari lina kola iliyochakaa, usilitupe; mgongo wake bado mzima na utatoa viraka vingi. Kina mama nimeshawaambia unakuja Desemba. Wamesema bandi ya hiyo watapiga wao.

Mama yako