Bosi anaagiza kwa mdomo, kikiharibika kitu anakukana: nilivyofanya mimi

Mdogo wangu wa Makambako, umeuliza ufanyeje na bosi anayeagiza kila kitu kwa mdomo, hasara ikitokea anasema hukusikia vizuri, na ukimwomba aandike anaona unamjaribu. Mimi nimetunza stoo ya mbao Mafinga miaka tisa, na hilo limenipata.

Meneja alinipigia niko uwanjani, dingdong, zile mashine za kupasulia mbao, zinaunguruma kila upande. Nikasikia "inchi mbili kwa nne, futi kumi na mbili, vipande mia mbili na hamsini." Nikapakia. TP, yaani kibali cha kusafirishia mbao, ilitoka ofisini, sikuiona. Kwenye kizuizi cha barabarani wakakagua mzigo: kwenye TP ni mbili kwa sita. Fuso lililala pale siku mbili. Meneja akasema mbele ya watu wote, "Mimi nilitamka sita." Inawezekana kweli alitamka. Sikuwa na karatasi wala meseji, nikakatwa mshahara.

Tangu hapo simwombi mtu aandike, naandika mwenyewe. Simu ikikatika tu natuma: "Shikamoo mzee. Nimepokea: 2x6, futi 12, vipande 250 (mia mbili na hamsini). Naanza kupakia saa 8 mchana." Basi. Salamu usiiache, huku kwetu meseji isiyo na salamu inasomeka kama ugomvi. Na andika "nimepokea", usiandike "naomba uthibitishe", maana mtu mzima anaona unamwandalia kesi. Mara nyingi hajibu, lakini akiona kosa anapiga hapo hapo, na huo muda wa kupakia umempa nafasi. Saa nayo iandikie asubuhi au mchana. Ukiandika 8:00 tupu, dereva mmoja ataelewa saa mbili asubuhi, mwingine saa nane mchana.

Nikirudi ofisini naingiza yote kwenye kaunta buku, na tarehe.

Kuhusu kukatwa, wakati ule sikujua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamtaka mwajiri anayekudai hasara akupe kwa maandishi chanzo chake, kiasi na alivyokikokotoa, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mimi niliambiwa kwa mdomo tu, nikanyamaza.

Ila usiandike kila kitu. Kijana mmoja wa kupakia alikuwa anachelewa, nikamkaripia kwenye grupu la WhatsApp. Kumbe hasomi vizuri. Alisomewa na wenzake huku wanacheka. Kesho yake hakuja. Nilimfuata kwao, tukakaa, nikamwomba radhi kwa mdomo wangu. Jambo linalomgusa mtu utu wake mfuate, mwambie mkiwa wawili.

Meneja? Alinuna kama mwezi hivi. Siku moja nilichelewa kutuma, akanipigia mwenyewe: "Mbona leo sijaona ile meseji yako?"