Ndege ya Mwisho Kufika Hushindaje?

SWALI: Nimesoma kuhusu Air Race Classic, mashindano ya marubani wanawake nchini Marekani, kwamba ndege iliyotangulia kufika yaweza kushindwa na iliyofika mwisho, kwa kuwa kinachotazamwa ni wastani wa mwendokasi. Je, hujumlishwa mwendokasi wa kila kipande cha safari na kugawanywa kwa idadi ya vipande?
Msomaji, Tanga

JIBU: Sivyo, ingawa wengi hudhani hivyo. Wastani wa mwendokasi ni umbali wote kugawanya kwa muda wote uliotumika angani. Chukua vipande viwili vya maili 300 za baharini kila kimoja: katika cha kwanza ndege inakwenda maili 150 kwa saa, na katika cha pili, kwa kukabiliana na upepo wa mbisho, maili 100. Ukijumlisha na kugawanya kwa mbili utapata 125. Lakini ndege imetumia saa 2, kisha saa 3, yaani maili 600 kwa saa 5, na wastani wake wa kweli ni 120. Kipande cha polepole huuvuta wastani chini kwa sababu ndege hukaa humo muda mrefu zaidi.

Muda huo hupimwa ndege inaposhuka na kupita juu ya mstari ulio kiwanjani, injini ikinguruma. Baada ya kuvuka, marubani wanaweza kutua, kujaza mafuta, hata kulala, na muda huo wa mapumziko hauhesabiwi.

Wastani peke yake, hata hivyo, ungeipendelea ndege yenye injini kubwa. Kwa hiyo kila ndege hupangiwa mapema mwendokasi wake wa kulinganishia, na mshindi ni yule aliyeuzidi wake kwa kiasi kikubwa zaidi. Ndege iliyopangiwa 140 ikapata 143 imezidisha 3 tu. Iliyopangiwa 105 ikapata 112 imezidisha 7, nayo iko mbele. Kwangu mimi huu ndio uzuri wa mashindano haya, kwamba kinachopimwa ni akili ya rubani. Anayejua kusoma hali ya hewa aweza kubaki kiwanjani asubuhi nzima akingoja upepo ugeuke huku wenzake wakiruka, mradi amalize ndani ya siku 4 zilizowekwa, tena kwa kuruka mchana tu. Ndiyo maana matokeo hayatangazwi mpaka ndege ya mwisho ivuke mstari.