Seti nzima kwa 45,000: ninunue?

Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza Open Water, kozi ya kwanza ya uzamiaji, huko Bamburi na kadi yangu ninayo. Zamu yangu ya chama imefika, nina shilingi 60,000. Kuna jamaa mtandaoni anauza seti nzima ya kuzamia kwa 45,000: regulata ya kupumulia, jaketi la kuelea, kompyuta ya mkononi ya kuzamia, suti na mapezi. Anasema ni vya mgeni anayerudi kwao Ulaya, na vingali kama vipya. Anataka nusu ya pesa kwa M-Pesa kabla sijaviona. Kaka yangu ananihimiza nichukue, eti bei hii haitarudi. Hamu yangu kubwa ni kuishukia ile meli iliyozama, Dania. Nifanyeje?
Mzamiaji mpya, Tudor

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kadi. Pesa usitume. Anayeuza kifaa cha kumpa mwenzake pumzi chini ya maji hana sababu ya kukataa kitazamwe kwanza. Akisema kuna wengine wanangoja, mwache awauzie hao.

Na hata akikuletea vitu hivyo hadi mlangoni, bado nisingependa 45,000 yako iishie hapo. Wanafunzi wangu wote nawaambia hivi: kinachokaa mwilini mwako kinunue, kinachotaka fundi kikodi. Vituo vya Nyali, Bamburi na Diani kwa kawaida hukupa mtungi wa hewa na vizito vya kukuzamisha ndani ya bei ya safari, na regulata na jaketi utakodi hapo hapo. Kituo kinachojiheshimu kina kumbukumbu za sevisi ya vifaa vyake. Omba kuziona, wala usione haya.

Shilingi yako ya kwanza iende kwenye miwani. Miwani inayovuja humharibia mtu mbizi nzima: badala ya kutazama samaki anahangaika kutoa maji puani, na hewa yake inakwisha upesi kwa sababu ya wasiwasi. Nenda dukani wewe mwenyewe. Acha mkanda wake kabisa, ibandike usoni, vuta pumzi kidogo kwa pua kisha ondoa mkono. Ikishika yenyewe mpaka utakapotoa pumzi, hiyo ni yako. Ukisikia hewa inapenya kando ya shavu, irudishe hata kama ndiyo ya bei kubwa kuliko zote na muuzaji anaapa. Ukingo unaogusa uso uwe wa silikoni laini, na kioo kiwe cha kuimarishwa, si plastiki. Kama una masharubu, nyoa ukanda mwembamba chini ya pua uone tofauti. Miwani mipya huwa na utando wa kiwandani unaoleta ukungu. Isugue ndani kwa dawa nyeupe ya meno mara kadhaa kabla ya kuingia nayo baharini.

Zile miwani za kuogelea za supamaketi ziache huko huko. Hazifuniki pua, kwa hiyo huna njia ya kupuliza hewa ndani yake unaposhuka. Ukifika mita 10 tu shinikizo limekuwa mara mbili ya la juu, na macho ndiyo yatakayovutwa mpaka mishipa yake ipasuke. Na zile za kufunika uso mzima, zenye mrija juu, ni za kuelea na kutazama chini tu. Usishuke nazo na mtungi.

Cha pili, kompyuta, na hapa nakusihi usibane pesa hadi ukaikosa. Umeitaja Dania. Meli ile ilizamishwa mwaka 2002 na imelala kwenye kina cha mita 30 hivi, ilhali kadi yako inakuruhusu mita 18. Utaifikia ukishasoma kozi inayofuata. Tazama tofauti iliyopo: kwa jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, mbizi ya kwanza ya siku inakupa dakika 56 za salama kwenye mita 18, lakini dakika 20 tu kwenye mita 30. Kompyuta inakuhesabia hayo kila unapopanda na kushuka, inakupigia kelele ukipanda haraka, na inakukumbusha kusimama mita 5 kwa dakika 3. Huhitaji ya rangi wala ya kuonana na simu. Suunto Zoop, Cressi Leonardo na Mares Puck zimewatosha wengi wanaoanza. Chagua ambayo betri yake unaweza kuibadilisha mwenyewe. Wala msiazimane siku ya mbizi, maana kompyuta inahesabu naitrojeni (gesi ya hewani inayojikusanya mwilini ukiwa chini) ya mwili mmoja.

Mapezi, nunua ya kuvaliwa na viatu vya mpira. Huku kwetu maji yakipwa unatembea mbali juu ya mwamba kuifuata mashua, na ile miba myeusi haina huruma kwa mguu mtupu.

Suti ya milimita 3 inatosha mwaka mzima. Wakati wa kusi, Julai na Agosti, maji hushuka hadi nyuzi 25 hivi. Mwishoni mwa kaskazi hufika 29, na baadhi yetu huvaa suti nyembamba ya kitambaa cha lycra tu. Kongowea kwenye mitumba utaona suti nzuri kwa bei ya kutupa, ila pima unene wake kwanza. Nyingi zimetoka nchi za baridi, ni milimita 5 au 7: utatoka jasho mashuani na kubeba vizito zaidi ili uzame. Kikibaki chochote, nunua boya la kujaza hewa la rangi ya machungwa pamoja na kamba yake. Kusi ikivuma mawimbi yanaficha kichwa cha mtu, na nahodha hawezi kumfuata asiyemwona.

Siku ukiamua kununua regulata iliyotumika, nenda na mwalimu au fundi. Uliza risiti ya sevisi ya mwisho. Watengenezaji wengi wanataka ifanywe au angalau ikaguliwe kila mwaka. Tazama kichujio kidogo pale inapoungana na mtungi: kikiwa kijani, maji ya chumvi yameingia, kikiwa na rangi ya kutu, mtungi uliotumika ulikuwa umeoza ndani. Kunja mipira yake ya kupitisha hewa uone nyufa, hasa karibu na vyuma. Kisha uliza kama spea za chapa hiyo zinapatikana Kenya, kwani regulata rahisi isiyo na spea itakulazimu kuagiza nje na kulipa VAT ya asilimia 16, pengine na ushuru juu yake. Jaketi nalo lijaze hewa, liache usiku kucha. Asubuhi likiwa limesinyaa, mrudishie mwenyewe.

Na ukirudi nyumbani suuza kila kitu kwa maji matamu. Nasisitiza matamu, kwa sababu visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na kusuuza kwa maji hayo ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Nunua mitungi miwili ya maji ya lita 20, loweka vifaa kwenye beseni, kisha anika kivulini.

Assalaam aleikum Bi Mwalimu. Mimi navaa hijabu na nataka kuanza kozi. Miwani itakaaje? Je, nitalazimika kununua vifaa maalumu vya bei?
Dada wa Kibokoni

Waaleikum salaam mwanangu. Huhitaji kitu cha bei. Nunua kofia ya lycra au ya neoprini nyembamba inayofunika kichwa na shingo, ile ile wanayovaa wazamiaji wengine kujikinga na baridi na viwavi wa bahari. Mkanda wa miwani upite juu ya kofia. Ukingo wa silikoni lazima uguse ngozi tupu pande zote, kwenye paji, mashavuni na chini ya pua, kwa sababu uzi mmoja wa kitambaa ukiingia hapo maji yatafuata. Vaa kofia hiyo unapojaribu miwani dukani. Juu ya suti unaweza kuvaa kaptura pana au sketi fupi ya kuogelea, mradi isifunike vizito, maana siku ya dharura mkono lazima uvifikie mara moja. Mweleze mwalimu wako mapema, na kama ungependa kufundishwa na mwanamke, uliza kabla hujalipa.