Maswali na majibu: Takwimu haianzi kwenye kompyuta

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa wanafunzi wa shahada ya hisabati walioingia mkondo wa takwimu tumizi. Mengine nimeshayajibu mara nyingi, kwa hivyo nitayapitia mbio.

Mwalimu, niko mwaka wa pili. Mimi nataka kufanya kazi na data, lakini bado tunakazaniwa matriki (majedwali ya namba) na uthibitisho. Vya nini? (Tudor)

Vya kukuzuia usidanganywe na kompyuta. Tuseme unataka kukisia kasha litakaa siku ngapi bandarini Kilindini, na kwenye rigresheni yako (mlinganyo unaokisia kitu kimoja kutokana na vingine) umeweka uzito wa kasha kwa kilo na tena kwa tani. Safu moja ni nyingine mara 1,000. Matriki unayotakiwa kuigeuza haina kinyume, na majibu yanayofaa hayana idadi. Programu ya R itaiacha safu moja wazi na kuendelea na kazi. Aliyesoma matriki ataelewa papo hapo. Asiyesoma ataandika kwamba uzito kwa tani "hauna athari".

Hilo ndilo kosa jepesi. Zito ni pale safu mbili zinapokaribiana bila kulingana kabisa: hakuna onyo lolote, ila ukiondoa makasha machache tu, alama ya kujumlisha mbele ya namba inayoonyesha athari ya uzito inageuka ya kutoa. Hapo hakuna kitufe cha kukuokoa. Soma uthibitisho wa miraba midogo kabisa (njia ambayo rigresheni hutafutia jibu lake) mpaka uweze kuuandika bila daftari.

Kwa uchambuzi, nitumie programu ya SPSS au R? (Kisauni)

R. Haina malipo, na kila hatua unayopiga inabaki imeandikwa, mwingine aweze kuikagua.

Nimepata dodoso 30 za utafiti wangu kuhusu usafiri wa wakazi wa Mombasa, zote nimezijaza kwenye kivuko cha feri asubuhi. Nimeambiwa 30 zinatosha. Ni kweli? (Likoni)

Swali hili linanichosha, kwa sababu linaletwa kila mwaka na watu waliokwisha kukusanya data. Swali la ukubwa wa sampuli huulizwa kabla ya kutoka nyumbani!

Hiyo 30 ni kanuni ya mkono tu, inayohusu lini wastani wa sampuli huanza kukaribia mgawanyo wa kawaida (ule wa umbo la kengele), na data ikiwa imepinda sana hata hapo haitoshi. Haisemi kwamba watu 30 wanawakilisha mji. Katika watu 30 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, nusu wakisema wanaridhika na feri, ukweli waweza kuwa popote kati ya asilimia 32 na 68. Kwa watu 1,000 ingekuwa kati ya 47 na 53.

Na umesema dodoso zako zote ulizijaza kivukoni asubuhi. Basi umewahoji wavukaji wa asubuhi. Mama wa Jomvu asiyepanda feri mwaka mzima hayumo, wala dereva wa Changamwe aliyekesha kazini. Hata ungejaza dodoso 3,000 pale pale, kasoro ingebaki ile ile. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii. Gawa sampuli yako kwa maeneo yote sita, kuanzia Mvita hadi Nyali, au badilisha kichwa cha utafiti kiseme "wavukaji wa asubuhi". Kubadilisha kichwa si aibu.

Nimelinganisha mauzo ya Kongowea siku za mvua na siku za jua, thamani ya p ni 0.04. Je, nina uhakika wa asilimia 96 kwamba mvua inaathiri mauzo? (Bamburi)

Hapana. Maana yake ni kwamba kama mvua isingekuwa na athari yoyote, tofauti kubwa kama hiyo au zaidi ingetokea mara 4 hivi katika 100. Chama cha wanatakwimu wa Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kuonya dhidi ya kosa hili hasa. Hukuuliza, lakini nakuambia: ukijaribu vigezo 20 visivyo na maana yoyote na visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kushuka chini ya 0.05 ni asilimia 64. Andika ulijaribu vingapi, vyote.

Nimefeli somo la uwezekano. Naweza kuchukua somo la makisio ya takwimu muhula huu? (Mtwapa)

Usithubutu. Rudia kwanza.

Kuna kijana mjini anachambulia watu data kwa malipo. Ni vibaya? (Mvita)

Ni vibaya. Digrii ni yako, na mbele ya jopo utasimama peke yako. Tena unamkabidhi mgeni majina na nambari za simu za watu waliokuamini, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo. Wahadhiri nao wana lawama: anayepokea jedwali bila kumwuliza mwanafunzi limetoka wapi ndiye anayemlisha kijana huyo.

Takwimu ina kazi Pwani, au ni lazima Nairobi? (Nyali)

Ipo: bandari, mabenki, serikali ya kaunti, utafiti wa bahari na uvuvi kule Mkomani, utafiti wa afya Kilifi. Ukienda mafunzo ya nyanjani, usikubali kukaa ofisini kunakili majedwali. Omba upelekwe samaki wanakopimwa na familia zinakohojiwa, ujue kila safu ya data imepatikanaje.